Namna ya kupata nyimbo mpya za kusifu na kuabudu ambazo kanisa litaziimba kweli

Kuna wimbo mmoja niliuingiza kanisani kwetu huku pembezoni mwa Dar, wimbo mkali kweli kweli, nilikuwa nausikiliza kwenye daladala asubuhi na jioni wiki tatu mfululizo mpaka nikawa naota nao. Tukaufanyia mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mpiga kinanda akanyoosha kila kitu, Jumapili tukasimama mbele tukaupiga kama ulivyo kwenye rekodi, watu wakapiga makofi, nikajua leo tumeua. Baada ya ibada natoka nje nakutana na mama mmoja mtu mzima, anakaa benchi la tatu upande wa kina mama miaka yote. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akanishika mkono akasema, "Leo mmeimba vizuri sana." Nikasema asante mama, sifa kwa Bwana. Akasema, "Sisi tumewasikiliza."

Hakusema kwa ubaya. Ila nilifika nyumbani na lile neno, nikaliwaza mpaka usiku. Tumewasikiliza. Yaani ibada nzima ya sifa watu walikuja kutusikiliza sisi sita wenye maiki.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kutafuta nyimbo na ndo hii naiandika hapa, kwa ajili ya wewe uliyekabidhiwa timu ya sifa juzi na hujui uanzie wapi, au unaeongoza miaka mitano na kila Jumapili ni mapambio yaleyale manane.

HATUA YA 1: Usifungue YouTube kwanza, fungua daftari

Chukua daftari la kawaida tu, andika nyimbo zote ambazo kanisa lako linaimba bila kuangalia ukutani. Sio zile timu inazozijua, zile KANISA linazijua. Mi nilidhani tunazo kama mia, nilipoandika zikaja 34, na kati ya hizo zaidi ya nusu ni mapambio ya haraka ya kurukaruka, za kuabudu taratibu zilikuwa 9, na wimbo wa Meza ya Bwana ulikuwa mmoja tu ambao tunaimba kila mwezi mpaka watoto wanauimba wakicheza uani.

Hapo ndo unajua unatafuta nini. Mtu anaesema natafuta nyimbo nzuri atapotea, manake nyimbo nzuri zipo maelfu. Mtu anaesema natafuta wimbo wa kuabudu wa taratibu unaozungumzia damu ya Yesu, unaoimbika na watu wasio na kinanda kikubwa, huyo atapata ndani ya wiki.

Andika pia una nini mkononi. Kinanda kimoja na ngoma? Gitaa la besi lipo? Waimbaji wa kiume wangapi? Kuna makanisa hayaruhusu drums kabisa, kuna mengine yana utaratibu wa liturujia na wimbo lazima uendane na Jumapili yenyewe, Majilio, Kwaresima, Pasaka, Pentekoste. Kama ni huko basi kalenda ya kanisa iwe ukurasa wa kwanza wa daftari lako, manake utagundua kitu nilichogundua mimi: nyimbo mpya za ushindi ni nyingi kama mchanga lakini za Kwaresima, za toba, za mtu kulia mbele za Mungu, utazitafuta kwa tochi.

HATUA YA 2: Wapi pa kutafuta

Watu wengi wanatafuta sehemu moja tu, zile zinazotrendi wiki hii. Kutrendi sio dhambi ila kinachotrendi kimepanda kwa sababu ya video, au mavazi, au msanii ana stori mjini, na havihusiani sana na kama kanisa litauimba.

Anza na walioimba wakiwa wanaongoza ibada, sio walioimba studio peke yao. Kwa hapa kwetu sikiliza rekodi za laivu za watu kama John Lisu, Angel Benard, Paul Clement, Joel Lwaga, kwa Kenya kuna Evelyn Wanjiru, kuna Reuben Kigame ambaye ana kazi za miaka mingi na Kiswahili chake kimenyooka. Ukiwa unaangalia laivu usimwangalie muimbaji, angalia watu. Kamera ikigeuka upande wa watu, midomo inatembea? Wanaimba kiitikio peke yao muimbaji akinyamaza? Kama wanaimba hiyo ni alama ya kwanza nzuri. Kama wote wameinua simu wanarekodi, mh.

Alafu usiishie kwenye wimbo uliofanya vizuri. Msanii akitoa albamu ya nyimbo kumi, mmoja unapigwa redioni, na mara nyingi wa saba huko chini ambao hauna hata video ndo wimbo wa kanisa. Kwenye Boomplay, Audiomack au Spotify unaweza kufungua albamu nzima ukaisikiliza mpaka mwisho, mi nafanya hivyo nikifua nguo Jumamosi. Kama bando ni la mawazo, pakua usiku ukiwa na bando la usiku.

Sehemu ya pili ambayo vijana wanaidharau: kitabu chako cha nyimbo. Tenzi za Rohoni, Mwimbieni Bwana kwa ndugu zetu wa KKKT, Nyimbo za Kristo kwa Wasabato. Najua ulikuja kusoma habari za nyimbo za kisasa, lakini nisikilize, ukichukua tenzi ambao bibi zetu wanaujua, ukaupa biti mpya, ukachagua beti mbili badala ya tano, ukaongeza kiitikio kifupi cha kurudia, una wimbo mpya ambao nusu ya kanisa tayari wanajua maneno. Hakuna njia fupi kuliko hiyo. Na nyingi ya zile za zamani waandishi wake walishafariki zamani sana, hakuna wa kukudai, japo tafsiri au mpangilio mpya unaweza kuwa na mwenyewe.

Ya tatu ni ya Wakatoliki, na hata kama wewe sio Mkatoliki nenda tu kachungulie. Kuna tovuti inaitwa Swahili Music Notes, imejaa nota za nyimbo za Kiswahili za watunzi wetu, na zimepangwa kwa matumizi, za mwanzo, za matoleo, za komunyo, za shukrani. Ukizoea kufikiri kwa mpango huo, kwamba kila wimbo una KAZI ndani ya ibada, hutachagua tena wimbo kwa sababu tu ni mtamu. Na zaburi nyingi zimeimbwa kule, vitu ambavyo sisi wa timu za sifa tumevisahau.

Ya nne, majirani. Congo, hasa huku mashariki Goma na Bukavu na kule Lubumbashi, wanaabudu kwa Kiswahili na nyimbo zao zina ule uvumilivu, wimbo unakaa sehemu moja dakika nne na hauchoshi. Kiswahili chao kina maneno tofauti kidogo kwa hiyo utarekebisha neno hapa na pale, lakini muziki upo. Rwanda na Burundi nao wana kwaya zinazoimba Kiswahili. Mi napenda kumuuliza mgeni yeyote anaetembelea kanisa letu kutoka mbali, kwenu mnaimba nini siku hizi, alafu nawasha kinasa sauti cha simu pale pale nje ya mlango aimbe. Nyimbo tatu kwenye daftari langu zimekuja hivyo na hazipo YouTube hata moja.

Na ya tano ni watu wako mwenyewe. Kwenye timu yako kuna binti mmoja kimya ana nyimbo kwenye simu yake hajawahi kumuimbia mtu. Muulize.

HATUA YA 3: Andika maneno kwa mkono

Umepata wimbo umekushika. Usiupeleke mazoezini bado. Kaa chini, sikiliza, andika kila neno kwa kalamu. Usitafute maneno mtandaoni kisha ukakopi, manake ukikopi husomi, na yale ya mtandaoni mara nyingi yamekosewa.

Ukishaandika, zima muziki. Soma kama unasoma barua. Hapa ndo nyimbo nyingi zinakufa na mi nimeshangaa zaidi ya mara moja, wimbo uliokuwa unanitoa machozi, nikausoma bila kinanda nikakuta unasema kitu kimoja tu, kwamba watu waliokucheka watashangaa. Sasa najiuliza, mshirika mwenye mgogoro na jirani yake kuhusu mpaka wa kiwanja akiuimba huu anamuwaza nani, Mungu au jirani? Mi nyimbo za maadui nimezipunguza sana, wengine mtanipinga, sawa, Zaburi nazo zina maadui tele najua, lakini kwenye Zaburi mtu analia KWA Mungu kuhusu adui, kwenye hizi zetu mara nyingi Mungu mwenyewe hata hatajwi mpaka kiitikio.

Maswali ninayojiuliza, kwa peni pembeni ya karatasi: Nani anazungumzwa hapa? Mtu akisikia huu wimbo bila kujua ni wa kanisa atajua ni wa Yesu au atadhani ni wa mchumba? Kuna mstari unaoahidi kitu ambacho Biblia haijaahidi, kama gari mwaka huu? Mtoto wa darasa la nne ataelewa? Na mtu aliyezika juzi anaweza kuuimba bila kujisikia muongo? Hilo la mwisho ndo linaniumizaga kichwa zaidi. Kila Jumapili kuna mtu amezika, na tukimpa nyimbo sita za kushinda tunamwambia akae pembeni mpaka apone. Daudi alianza Zaburi ya 13 kwa kuuliza hata lini Bwana, na ile ni wimbo, iliimbwa. Tafuta angalau nyimbo mbili za namna hiyo ziwe kwenye daftari.

Paulo kwenye Wakolosai 3:16 anasema tufundishane na kuonyana kwa zaburi na nyimbo na tenzi za rohoni. Kufundishana, umeona hapo. Watu watasahau mahubiri ya Jumapili ikifika Jumatano lakini kiitikio watakiimba wakiosha vyombo, kwa hiyo ulichowawekea mdomoni ndo wanachokiamini baada ya muda.

HATUA YA 4: Imba bila chombo chochote

Hii ndo hatua iliyoniokoa. Siku moja umeme ulikatika katikati ya sifa, spika zikazima, kinanda kikazima, tukabaki na ngoma na midomo. Wimbo tuliokuwa tunaimba ulikuwa mpya na ulikuwa umebebwa na kinanda kwa asilimia kubwa, basi ukafa papo hapo, tukabaki tunaangaliana. Mzee mmoja nyuma akaanzisha pambio la zamani, kanisa zima likadaka, paa likataka kuruka. Sasa kila wimbo mpya naupa mtihani wa umeme kukatika: naimba jikoni, makofi tu. Kama bila kinanda hauna kitu basi ulikuwa ni kinanda, haukuwa wimbo.

Ukipita hapo, pima urefu wa sauti. Washirika wa kawaida, sio waimbaji, wana uwanja mdogo. Nenda kwenye kinanda, tafuta noti ya chini kabisa ya wimbo na ya juu kabisa. Kanuni ninayotumia ni kwamba noti ya juu isizidi D, kwa wanawake ile D iliyo oktavu moja na hatua moja juu ya Do ya katikati ya kinanda (oktavu ni kutoka Do mpaka Do inayofuata), na wanaume wanaimba hiyohiyo oktavu moja chini. Ikigusa E mara moja kwa shauku sio mbaya. Ikikaa huko juu dakika mbili, mama wa benchi la tatu amenyamaza.

Mfano wa kweli. Wimbo umerekodiwa kwenye kii ya B (kii ni ile noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, Do yake), msanii ni kijana ana koo la chuma, noti ya juu ni F kali (F#). Nikibonyeza kitufe cha transpozi, kile cha kushusha au kupandisha kii, mara nne kushuka, B inakuwa B bemoli, A, A bemoli, G. Tumefika G, na ile F kali sasa imekuwa D. Safi. Na mpiga gitaa anashukuru kwasababu kodi za G ni nyepesi, G, C, D na E ndogo (kodi za gitaa hizi, sio za TRA). Ila ukitumia transpozi WAAMBIE watu wote. Sisi siku moja mpiga kinanda alishusha kimya kimya kwa kitufe, mpiga besi akapiga kii ya mazoezi, tukawa tuna Do mbili tofauti kwa wakati mmoja, mchungaji akageuka akatuangalia kwa upole, ule upole unaojua wewe.

Angalia pia ule mtindo wa ubeti kuimbwa chini kama mtu ananong'ona, alafu mwisho muimbaji anaruka oktavu nzima analia juu. Kwenye hedifoni unasisimua balaa. Kanisani nusu ya kwanza watu hawasikiki, nusu ya pili hawafiki. Dawa ni kukaa oktavu moja mwanzo mpaka mwisho, shauku ilete na ngoma na sauti za pili na tatu, usiilete na kupanda.

Kama sikio lako sio zuri la kutambua kii kuna programu kama Moises, unaweka wimbo inakuambia kii na kasi, inaweza kutenganisha sauti na vyombo usikie besi peke yake, na unaweza kushusha kii usikilize itakavyokuwa. Na kwenye YouTube yenyewe punguza kasi iwe 0.75 mpiga kinanda adake kodi. Hizi ni msaada tu lakini, usiache kuimba jikoni.

Urefu wa wimbo nao. Rekodi za laivu zinaenda dakika tisa, kumi na mbili. Chukua ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, ile sehemu ya katikati kama inaimbika, basi. Dakika tano. Roho akitaka kurefusha atarefusha mwenyewe.

HATUA YA 5: Ukitaka kutafsiri kutoka Kiingereza

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo tunaharibu sana. Tunachukua wimbo wa nje, tunautafsiri Ijumaa usiku kwa WhatsApp, Jumapili kanisa linaimba Kiswahili ambacho hakuna mtu anaongea.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Maneno ya Kiingereza ni mafupi, yetu marefu. Neema kwetu ni silabi tatu, kwao moja. Msalaba kwetu nne, m-sa-la-ba, kwao moja. Mtakatifu ni tano wao mbili. Sasa ukilazimisha kila wazo la kule liingie huku unapata watu wanaimba kama wanakimbia mvua. Suluhisho ni kukubali kwamba mstari wetu mmoja unabeba nusu tu ya mstari wao. Chukua wazo moja tu liache lipumue, mengine tupa, au uyapeleke ubeti unaofuata.

La pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, u-PE-ndo, mwo-KO-zi, msa-LA-ba. Ngoma ikipiga kwa nguvu ikaangukia MWO-kozi au U-pendo, wimbo unasikika kama anaimba mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege leo asubuhi. Jaribu hivi: sema mstari kwa kawaida kama unaongea na mtu, piga meza pale sauti inapokaza, alafu piga meza kwa mdundo wa wimbo. Kama ngumi hazilingani badili neno, sio mdundo. Badala ya Mwokozi labda Yesu inakaa, badala ya upendo labda wema. Nilikaa na mstari mmoja siku nne hivi, natembea na kupiga paja kwenye kituo cha daladala, watu wananiangalia.

La tatu, picha. Nyimbo nyingi za wenzetu zimejaa bahari, mawimbi, dhoruba, meli. Sisi wa pwani tunaelewa, lakini kama unaongoza sifa Singida ukame umepiga miezi minane, si uimbe mvua? Mvua ipo kwenye Biblia nzima. Huo sasa sio tafsiri ni utunzi, na mara nyingi ndo unatoka bora.

Na ruhusa jamani. Kutafsiri wimbo wa mtu aliye hai na kuurekodi ni kitu kinachohitaji kibali chake, sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, Kenya kuna KECOBO. Hata kabla ya kufika kwenye tafsiri, ukiimba wimbo wa msanii wa hapa na mnarusha ibada mtandaoni, mfumo wa YouTube unaweza kuutambua na kuzuia video au pesa za matangazo zikaenda kwa mwenye wimbo, na ni haki yake kwa kweli. Mwandikie. Wasanii wetu wengi wameweka mawasiliano ya kazi chini ya video zao, mimi niliandika ujumbe mfupi kwa mmoja nikajibiwa siku ileile kwa baraka zote na akanitumia na kodi.

HATUA YA 6: Mchungaji

Fupi tu. Mpelekee maneno yaliyoandikwa, sio linki ya video. Akiangalia video ataangalia nguo za waimbaji. Akisoma maneno atakuambia kama yana shida, na mwezi mmoja kabla muulize atahubiri nini.

HATUA YA 7: Namna ya kuuingiza

Wimbo mpya mmoja kwa mwezi. Mmoja. Najua una saba kwenye simu na zote zinakuwasha moto, vumilia. Wiki ya kwanza upigwe kwa vyombo tu watu wakiingia, au uimbwe na timu wakati wa sadaka, kanisa lisikie bila kudaiwa kuimba. Wiki ya pili fundisha kiitikio, na nikisema fundisha simaanishi hotuba, imba mstari waitikie, imba mstari waitikie, dakika moja imeisha. Wiki ya tatu imba wote katikati ya nyimbo wanazozijua, usiuweke wa kwanza wala wa mwisho. Wiki ya nne pumzika. Ukirudi wiki ya tano, hapo punguza sauti ya maiki kwenye kiitikio, mwambie fundi mitambo ashushe timu kabisa, sikiliza. Kama ukumbi umebaki na sauti, wimbo umekubali, uandike kwenye daftari kwa wino. Kama umebaki na feni tu, usilazimishe, labda ni wa kwaya na sio wa kanisa, na hiyo sio aibu kuna nyimbo nyingi nzuri za kusikiliza.

Mimi kwa namna hii naingiza kama nyimbo kumi kwa mwaka, na mbili tatu zinakataa. Wenzangu wananiona mzembe. Lakini zile 34 sasa hivi ni zaidi ya 50 na nikikosea nikaanzisha yoyote kati ya hizo bila taarifa, kanisa linadaka.

HATUA YA 8: Kustaafisha

Nyimbo zinachoka. Ukiona watu wanaimba huku wanatafuta chenji ya sadaka kwenye mkoba, upumzishe miezi sita. Usiufute kwenye daftari, weka tu alama. Ukirudi utarudi kama mgeni aliyekumbukwa.

Na jambo la mwisho la Jumamosi jioni, kabla hujalala mwombe anaeandika maneno ya projekta akutumie picha ya kila slaidi, sisi tunatumia OpenLP ambayo ni ya bure na inatosha kabisa, lakini programu haijui Kiswahili na laptopu ya kanisa ina ule ugonjwa wa kubadilisha maneno yenyewe. Tulishawahi kuimba wimbo wenye mstari wa umenitoa mbali, ukutani ukatokea UMENITOA MBAVU, nikauona nimeshachelewa, nikajua watu watasita, watacheka. Hakuna aliyesita. Kanisa zima lilimshukuru Mungu kwa kutolewa mbavu mara nne, na aliyeimba kwa sauti ya juu kuliko wote alikuwa benchi la tatu, upande wa kina mama.